Kuchagua Kitanda Bora kwa Bajeti Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kitanda kitakachodumu miaka mingi, lakini asiyeweza kulipa bei yoyote atakayotajiwa. Yote yanaongozwa na kigezo kimoja: fedha ianze kwenye sehemu zinazobeba uzito wa mwili, yaani godoro, chaga (vibao vinavyokatiza chini ya godoro) na viungo, na mapambo yasubiri.

Fedha zangu ni chache. Nitumie nyingi zaidi kwenye kitanda chenyewe au kwenye godoro?

Kwenye godoro, ilimradi kitanda kiwe imara. Fremu ina kazi mbili tu, ambazo ni kuliinua godoro kutoka sakafuni na kulishikilia likae sawa bila kubonyea wala kuyumba, na fremu isiyo na nakshi yoyote, ikiwa imeungwa vizuri, huzifanya kazi hizo sawasawa na ile ya kifahari. Godoro dhaifu, kwa upande wake, haliokolewi na fremu ya aina yoyote. Hata hivyo, mtu asije akavuka mpaka kwa kununua godoro la gharama na kulilaza juu ya chaga zilizopinda, kwani litabonyea mahali palepale kila usiku na kuchakaa kabla ya wakati wake.

Kwa maoni yetu, zaidi ya nusu ya bajeti itengwe kwa ajili ya godoro, na kinachobaki kinunue fremu iliyo rahisi kuliko zote ambayo haitikisiki. Vitu vinavyopandisha bei ya vitanda vingi ni ubao wa kichwani uliovikwa kitambaa au ngozi ya bandia, droo, taa na rangi ya kung'aa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfanya mtu alale vizuri zaidi.

Nichague kitanda cha ukubwa gani?

Anza na urefu wa mlalaji, kisha ndipo uje kwenye upana. Kitanda kinapaswa kumzidi aliye mrefu kuliko wote watakaokilalia kwa sentimita 10 hadi 15. Vipimo vya futi huwaponza wanunuzi wengi hapa, kwa sababu futi 6 ni takriban sentimita 183, na mtu mwenye kimo cha sentimita 178 hubakiwa na sentimita 5 tu, ambazo mto huzimaliza papo hapo. Mtu kama huyo atafute kitanda cha sentimita 190 au 200, hata ikimlazimu apunguze upana ili bei isipande.

Kwa mtu mmoja, upana wa sentimita 90 unatosha. Watu wawili wakilala kwenye kitanda cha futi 4, ambacho ni kama sentimita 122, kila mmoja hupata sentimita 61, upana unaokaribia ule wa godoro la mtoto mchanga. Sentimita 150 ndicho kiwango ambacho wawili huanza kulala bila kuamshana kila mmoja anapogeuka.

Kipimo kiwe cha kawaida, kile ambacho magodoro na shuka zake hupatikana kila mahali, kwa maana kitanda cha kipimo cha peke yake humtoza mwenyewe gharama ya ziada kila godoro linapofikia mwisho wake. Pima pia mlango, ngazi na kona za nyumba kabla ya kulipa, na uhakikishe kwamba upande unaoshukia umebakiwa na nafasi ya sentimita 60 hivi ya kupita na kutandika.

Kipi ni bora: kitanda cha mbao, cha chuma, au cha mbao za kiwandani?

Mbao ngumu kama mvule, mninga na mtiki hudumu kuliko zote, na bei yake inalingana na sifa hiyo. Lakini mwenye bajeti ndogo hana haja ya kukata tamaa, kwa kuwa mbao laini kama za msonobari zinatosha kabisa kwa kitanda endapo ni nene, zimenyooka, na hazina mafundo makubwa karibu na viungo. Jambo lenye uzito kuliko jina la mti ni ukavu wa mbao. Ubao mbichi husinyaa unapokauka ndani ya nyumba, ulimi wa kiungo ukapwaya ndani ya tundu lake, na kitanda kilichokuwa kimya dukani kikaanza kulia baada ya miezi michache. Asiye na kifaa cha kupimia unyevu anaweza kulinganisha uzito wa vipande viwili vya aina moja na ukubwa mmoja, kwa sababu ule ulio mbichi huwa mzito zaidi, hutoa ubaridi ukiguswa, na mara nyingi huwa bado na harufu kali ya utomvu. Epuka pia mbao zenye eneo kubwa jeupe lililokuwa karibu na gome, maana wadudu watoboao mbao hupenda kuanzia huko.

Kitanda cha chuma ni chaguo la busara kwa anayehamahama, kwani hufunguka haraka na hakiliwi na mchwa. Ubora wake umo katika unene wa ukuta wa bomba, jambo ambalo rangi hulificha. Bomba lenye ukuta wa milimita 1.2 hadi 1.5 hustahimili matumizi ya watu wazima vizuri zaidi kuliko lile la milimita 0.8, ambalo hupinda taratibu katikati. Kama muuzaji hajui unene, inua kona moja ya fremu na ulinganishe uzito wake na wa fremu nyingine yenye umbo lilelile. Tazama pia sehemu zilizochomelewa, maana mshono uliozunguka kiungo chote ni wa kuaminika, ilhali nukta mbili tatu za kuchomelea zinaweza kuachia siku yoyote.

Mbao za kiwandani zilizotengenezwa kwa chembe au unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi hupendeza machoni na huwa za bei nafuu, lakini zina udhaifu mkubwa wa aina mbili: zikilowa huvimba na hazirudi katika hali yake, na skrubu zikitolewa na kurudishwa mara kadhaa matundu hupwaya. Zinafaa kwa ubao wa kichwani, si kwa mifumbati (mbao ndefu za ubavuni) wala matendegu (miguu ya kitanda). Zikiwa mpya huweza pia kutoa mvuke wa kemikali iitwayo formaldehaidi kutoka kwenye gundi, kwa hiyo chumba kipitishe hewa ya kutosha katika wiki za mwanzo, na kitanda chenye harufu inayochoma macho kiachwe kulekule dukani. Plaiwudi haimo katika lawama hizi, kwa kuwa ina tabaka za mbao zilizopishanishwa na hushika skrubu vizuri zaidi.

Nikifika dukani, nikague nini hasa?

Omba godoro la maonyesho liondolewe, kwa sababu kila kilicho muhimu kimefichwa chini yake, na muuzaji anayekataa ombi hilo amekwisha kukujibu. Shika ubao wa miguuni kwa mikono miwili, uusukume mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto. Kitanda kizuri husogea kizima, lakini kile kibovu huacha matendegu yamesimama palepale huku sehemu ya juu ikiyumba.

Baada ya hapo chunguza mahali ambapo mfumbati unakutana na tendegu, kwani vitanda vingi hufia hapo. Boliti iliyopenya na kukazwa kwa nati, au ulimi uliozama ndani ya tundu na kubanwa barabara, ni dalili ya kazi ya mtu anayejua anachofanya. Skrubu zilizopigwa moja kwa moja kwenye ncha ya ubao, sambamba na nyuzi za mti, hazishiki kwa muda mrefu, na misumari mitupu haishiki kabisa. Tazama kimo cha mfumbati wenyewe pia: kwa unene uleule, ubao uliosimamishwa ukiwa na kimo cha sentimita 15 una ukakamavu mara nane ya ule wa sentimita 7.5, kwa hiyo kuongeza kimo cha ubao kidogo kuna faida kubwa kuliko kuongeza unene wake. Chini yake, upande wa ndani, pana kipande kirefu cha mbao ambacho chaga hukalia. Hicho kiwe kimetiwa gundi na skrubu, si misumari tu, maana ndicho kinachoachia pale mtu anapokaa ukingoni kuvaa viatu.

Mwisho, kaa kwenye kila kona, ulale, ugeuke, huku ukisikiliza. Usione haya, wanaoona haya dukani hulala macho nyumbani.

Chaga ziachane kwa umbali gani?

Kwa godoro la sponji, nafasi kati ya chaga na chaga isizidi sentimita 7 au 8, kwani ikizidi hapo sponji huanza kuzama ndani ya nafasi hizo. Kitanda chenye upana unaozidi sentimita 135 kinahitaji pia mhimili wa katikati, kutoka kichwani hadi miguuni, wenye angalau tendegu moja linalogusa sakafu, la sivyo chaga zitapinda na wanaolala watakuta wamekutana katikati kila asubuhi.

Kuongeza chaga ndilo boresho la gharama ndogo kuliko yote yaliyotajwa katika ukurasa huu. Kitanda chenye fremu nzuri na chaga chache hakina kasoro ya kukataliwa. Nunua chaga za kuongeza na upige bei kwa sababu hiyo. Wapo wanaotandaza kipande kizima cha plaiwudi badala ya chaga, na njia hiyo inafanya kazi iwapo plaiwudi itatobolewa matundu mengi ili jasho na unyevu wa godoro vipate pa kutokea.

Nitajuaje kwamba godoro la sponji lina ubora unaotajwa na muuzaji?

Lipime kwa mizani. Ubora wa sponji hutegemea kwa kiasi kikubwa msongamano wake, ambao wauzaji huuita densiti, na huo huhesabiwa kwa kilo katika kila mita moja ya ujazo. Chukua godoro la sentimita 190 kwa 150, lenye unene wa sentimita 20. Ujazo wake ni mita 1.9 mara 1.5 mara 0.2, yaani mita za ujazo 0.57. Kama muuzaji anadai kwamba densiti yake ni 30, sponji pekee inapaswa kuwa na uzito wa kilo 17 hivi. Mizani ikionyesha kilo 11, densiti halisi ni kama 19, na hilo ni godoro la mgeni anayekuja mara moja moja, si la mtu mzima wa kulilalia kila siku. Kwa matumizi ya kila usiku, sponji ya kawaida yenye densiti ya 28 na kuendelea ni ununuzi wa kuaminika, na kwa watu wenye miili mizito inafaa kupanda zaidi ya hapo.

Kuna tahadhari mbili. Sponji iliyotengenezwa kwa vipande vya mabaki vilivyogandamizwa upya huwa nzito sana bila ya kuwa na mnepo unaolingana na uzito huo, na hutambulikana kwa rangi zake za mchanganyiko ukifungua zipu ya kava. Pili, densiti si ugumu. Sponji inaweza kuwa laini na yenye densiti kubwa, au ngumu na yenye densiti ndogo, na ile ya pili ndiyo inayowadanganya wengi, kwa kuwa siku ya kununua huonekana imara lakini hubonyea kabla ya miaka michache kupita. Bonyeza kwa ngumi, uachie, na utazame kama inarudi mara moja.

Je, godoro la springi lina thamani ya bei yake?

La bei ya juu, ndiyo. La bei ya chini, kwa kawaida hapana. Godoro la springi zilizofungwa kila moja ndani ya mfuko wake huufuata mwili vizuri na halimsumbui mwenzako unapogeuka, lakini ni la gharama. Lile la bei ndogo huwa na springi zilizofungamanishwa pamoja na tabaka jembamba la sponji juu yake, na tabaka hilo likishabonyea, waya huanza kusikika mgongoni. Kwa kiasi kilekile cha fedha, sponji nzuri hushinda springi hafifu. Sifa ambayo springi haiwezi kunyimwa ni upitishaji wa hewa, na wanaosumbuliwa na joto usiku wana haki ya kulizingatia hilo.

Si kweli kwamba godoro likiwa gumu zaidi ndivyo linavyoufaa mgongo?

Imani hiyo imeenea sana, hata miongoni mwa wauzaji, lakini ushahidi hauiungi mkono. Utafiti uliofanywa Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini, na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet, ulionyesha kwamba waliolalia magodoro yenye ugumu wa wastani walipata nafuu kubwa kuliko waliolalia yaliyo magumu.

Katika kuchagua, mkao wa kulala ni mwongozo mzuri kuliko neno la muuzaji. Anayelala ubavu anahitaji godoro linaloruhusu bega na nyonga kuzama kidogo ili uti wa mgongo ubaki umenyooka, na anayelala kifudifudi anahitaji gumu zaidi ili kiuno kisizame. Lala chali na upitishe kiganja chini ya kiuno: kikipita kwa urahisi na kuacha uwazi mkubwa, godoro ni gumu mno kwako, kisipopita kabisa, ni laini mno. Maumivu yasiyoisha, hata hivyo, ni ya kupelekwa kwa daktari, si dukani.

Vipi kuhusu kununua kitanda kilichokwisha kutumika?

Fremu ndiyo, godoro hapana. Fremu ya mbao ngumu iliyotumika miaka mingi bila kuyumba imekwisha kufaulu mtihani ambao fremu mpya bado haijaufanya, na mbao zake zimekauka kabisa. Kwa mwenye fedha kidogo huenda hii ndiyo njia bora kuliko zote za kupata mbao za daraja la juu. Mikwaruzo isikutishe, kwa kuwa msasa na vanishi huiondoa.

Kinachopaswa kukutisha ni kunguni. Kunguni mpevu ana urefu wa takriban milimita 5 na huonekana kwa macho, lakini mchana hujificha kwenye nyufa, matundu ya skrubu, nyuma ya ubao wa kichwani na chini ya chaga, na anaweza kuishi miezi kadhaa bila kula. Nenda na tochi pamoja na kadi ngumu ya kupitisha kwenye nyufa, ukitafuta maganda, mayai meupe na vidoa vyeusi vinavyosambaa kama wino vikiguswa na kitambaa chenye maji. Ukiviona, ondoka, hata bei ikishushwa hadi nusu. Hata usipoviona, kifungue kitanda nje ya nyumba, upitishe maji yanayochemka au mvuke katika kila tundu na ufa, kwani joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi huwaua wadudu hao pamoja na mayai yao, kisha kiache kikauke kabisa kabla ya kukiingiza ndani. Kitanda cha chuma nacho hakina kinga: ndani ya mabomba yenye ncha zilizo wazi pana maficho ya kutosha.

Kasoro nyingine ya kuangalia ni vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga laini chini yake. Unga ukiwa mpya, wadudu bado wamo ndani wakila.

Ni nafuu kumpa fundi seremala atengeneze?

Mara nyingi ndiyo, na unapata faida ya kuchagua unene, kimo na idadi ya chaga. Lakini nafuu hiyo hupotea pale makubaliano yanapokuwa ya mdomo tu. Andikeni aina ya mbao, vipimo vyake baada ya kupigwa randa (ubao unaoitwa wa inchi 2 huweza kubaki na sentimita 4.5 tu ukisharandwa), idadi ya chaga, aina ya viungo, na tarehe ya kukabidhiwa. Malipo yagawanywe: sehemu ya kwanza ya kununulia mbao na ya mwisho baada ya ukaguzi.

Ukaguzi wenyewe ufanyike kabla ya rangi au vanishi kupakwa. Hatua hii husahaulika mno, ilhali ndiyo yenye manufaa kuliko nyingine zote, kwa sababu rangi hufunika nyufa zilizozibwa kwa gundi na unga wa mbao, mafundo yaliyolegea, na vipande vya mti mwingine vilivyochomekwa. Nunua godoro kwanza, au angalau ujue vipimo vyake halisi, na umwombe fundi aache nafasi ya sentimita 1 au 2 tu kuzunguka. Agiza pia kitanda kinachofunguka kwa boliti. Kilichogandishwa chote kwa gundi kinaweza kukwama mlangoni siku ya kwanza.

Kitanda cha ghorofa kwa watoto kinafaa kwa nyumba ndogo?

Kinafaa, ila katika kitanda hiki bei isitangulie usalama. Kanuni za usalama za Marekani zinataka kingo za kitanda cha juu ziinuke angalau inchi 5, yaani kama sentimita 12.7, juu ya uso wa godoro, na watoto wa chini ya miaka 6 wasilale juu. Wanunuzi wengi huharibu hesabu hiyo wao wenyewe kwa kuweka juu godoro nene kuliko lile fremu ilivyokusudiwa kubeba. Nafasi kati ya mabomba au mbao za kingo ziwe ndogo kiasi cha kutopitisha kiwiliwili cha mtoto. Kipimo cha juu kinachokubalika ni kama sentimita 9.

Siwezi kununua vyote kwa pamoja. Nianze na kipi?

Anza na godoro, kisha fremu itafuata. Katika kipindi hicho cha mpito, usiliache godoro juu ya sakafu tupu mchana na usiku, kwa sababu unyevu wa mwili hushuka na kukwama upande wa chini, ukungu ukaota. Lisimamishe ukutani kila asubuhi kwa saa chache, au lilaze juu ya chaga zilizounganishwa kwa ukanda, ambazo baadaye zitahamia kwenye fremu. Kava ya kuzuia maji yenye zipu inunuliwe siku ileile ya godoro, kwani jasho huharibu sponji, na wauzaji wengi hawaheshimu dhamana ya godoro lenye madoa.

Kitanda changu kipya kimeanza kulia. Nikirudishe?

Kwanza kaza boliti zote, jambo ambalo linapaswa kufanywa kwa kila kitanda baada ya mwezi wa kwanza, mbao zinapokuwa zimezoea hewa ya chumba. Kama sauti inaendelea, ondoa chaga moja moja na ukisukume kitanda ili kujua inatoka wapi. Chaga zinazosuguana na mfumbati hunyamazishwa kwa kipande cha kitambaa kizito au kwa kupakwa nta ya mshumaa. Iwapo sauti inatoka kwenye kiungo cha tendegu na kiungo chenyewe kinacheza hata baada ya kukazwa, basi kirudishe mapema, dhamana ikiwa bado hai, na upeleke stakabadhi pamoja na video fupi inayoonyesha kiungo kikicheza.